Spika za kompyuta zinavuma, mvua ikinyesha zinanyamaza. Naomba msaada

Mwana_Ngamiani

Habari za jioni wakuu. Kuna shida imenitesa wiki ya tatu sasa, na kila nikidhani nimeikamata inaniponyoka.

Nina kompyuta ya mezani na sabufa ya kawaida yenye spika mbili ndogo. Hapa nyumbani Tanga nasafisha rekodi za kaswida za watoto wa madrasa ya mtaani kwetu, tunataka ziwe tayari kabla ya Maulidi. Sasa spika zinavuma. Zzzzzz nzito, na juu yake kama kitu kinakwaruza. Unaanza wenyewe, unaweza kukaa saa moja au siku nzima, halafu unakatika ghafla kama mtu kazima swichi. Nikishusha sauti ya kompyuta hadi sifuri mvumo haupungui. Nikishusha kwa kitufe cha sabufa yenyewe, unapungua.

Nimebadilisha waya wa jeki mara mbili. Nimehamisha tundu nyuma ya sipiyu. Nimeweka draiva ya sauti upya. Sabufa nikaipeleka kwa fundi, akaiwasha kwake siku mbili haikuvuma hata kidogo, akanirudishia. Nimefika nyumbani, nimechomeka tu, ikavuma.

Na hili ndilo linanichanganya kabisa: mvua ikinyesha haivumi. Juzi ilinyesha tangu alfajiri mpaka adhuhuri, nikafanya kazi kwa raha, sauti safi. Jioni mbingu imetakata, mvumo umerudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sijui kama mvumo umo ndani ya rekodi au uko kwenye spika tu. Kuna mtoto mmoja, mwisho wa kila beti sauti yake inashuka taratibu mpaka inakuwa pumzi. Pale ndipo nataka kusikia vizuri, na pale ndipo nasikia zzzzz. Watoto walikaa siku mbili kwenye joto kurekodi, sitaki kuwaita tena kwa kosa la waya.

Kiti_Moto_Dom

Mkuu, kapasita za sabufa zimekufa hizo. Zikivimba kichwani huwa zinavuma. Badilisha tu.

FundiRedio_Mwanza

Kapasita za pawa zikichoka mvumo haukatiki siku mbili nzima kwa fundi. Tena unabaki hata ukichomoa jeki. Tusimfungulishe mtu sabufa kabla ya kupima.

Mwana_Ngamiani, mvumo ukianza fanya mambo matatu kwa mpangilio huu, usiruke. Kwanza, vaa hedifoni, ichomeke moja kwa moja kwenye sipiyu, sikiliza rekodi. Pili, rudisha jeki ya sabufa ilipokuwa, hakikisha inavuma, kisha ichomoe kwenye sipiyu iache ining'inie bila kushika ncha. Ukishika ncha kwa kidole itaunguruma, hiyo ni kawaida, mwili unadaka umeme wa nyumba na kuupeleka kwenye amplifaya. Tatu, jeki hiyohiyo ichomeke kwenye simu ambayo haiko kwenye chaja. Rudi na majibu.

Bi_Kisauni

Ndugu yangu, ule mkwaruzo ni wa mfululizo ama huja kwa vipande? Kama ni ti-ti-ti, ti-ti-ti, tiiii, halafu simu yaita, hiyo ni simu yako. Mimi hapa Mombasa nilihangaika nayo mwezi mzima.

Mwana_Ngamiani

Bi Kisauni, hiyo nayo ipo! Nilidhani ni tatizo lilelile. Huwa naweka kiswaswadu changu juu ya sabufa.

Bi_Kisauni

Basi kitoe hapo. Simu za 2G hazitumi mawimbi mfululizo, hutuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na kila kipande chaweza kufika wati 2. Waya wa spika hugeuka antena, na amplifaya yakusomea zile 217 kama sauti. Mita moja na nusu mbali, utaona tofauti. Huo mvumo mwingine waachie mafundi.

Mwana_Ngamiani

Nimerudi. Simu nimeihamishia dirishani, ile ti-ti-ti imekwisha. Ahsante sana dada.

Majibu ya FundiRedio: kwa hedifoni sauti ni safi kabisa. Nimesikiliza beti zote za yule mtoto mpaka mwisho, hakuna kitu. Nimeshusha pumzi, wallahi. Jeki ikining'inia, kimya. Kwenye simu, kimya na muziki unapiga vizuri. Nikiirudisha kwenye sipiyu, zzzzzz.

FundiRedio_Mwanza

Vizuri sana. Rekodi zako ni salama, sabufa ni nzima, na sipiyu haijaharibika. Zinavuma zikiunganishwa tu. Maana yake kuna umeme unapita kwenye ganda la waya wa jeki, ule waya wa nje ambao ni njia ya kurudia ya sauti. Umeme ukipita pale, amplifaya inausikia kama sauti.

Ila ili upite lazima uwe na mahali unakokwenda. Angalia nyuma ya sabufa: kuna waya mwingine wowote zaidi ya huo wa kompyuta?

Pangani_Boy

Wakuu msizunguke. Mimi yangu ilivuma hivyohivyo, nikakata pini ndefu ya plagi ya sipiyu, mvumo ukaisha. Dakika mbili tu.

FundiRedio_Mwanza

Pangani_Boy, nakuomba sana, nunua plagi mpya leo na uirudishe hiyo pini. Siku waya wa moto utakapogusa bati la sipiyu ndani, ethi, yaani waya wa kwenda ardhini unaoshikana na pini hiyo, ndiyo inayovuta umeme mwingi kwa mpigo ili fyuzi ikatike. Bila ethi bati litakaa na volti 230 linasubiri mkono. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona mkono wa mtu ulivyokuwa baada ya pini iliyokatwa. Mvumo ni kero, haujawahi kuua mtu.

Mwana_Ngamiani

Nyuma ya sabufa kuna nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, zinakwenda kwenye king'amuzi sebuleni, ukuta huohuo upande wa pili. Usiku tunasikilizia taarifa ya habari. Lakini mimi nikifanya kazi naweka swichi kwenye kompyuta, nyaya zile hazitumiki.

Na kuhusu ethi, sipiyu yangu ina pini tatu lakini nimeichomeka kwenye ekstensheni ambayo plagi yake ni ya pini mbili za mviringo. Huwa natumia kalamu kufungua lile tundu la juu ndipo inaingia. Nikigusa kasha la sipiyu kwa mgongo wa mkono nahisi kama natekenywa.

FundiRedio_Mwanza

Swichi inachagua sauti tu, maganda ya nyaya yanabaki yameungana. Nijibu moja: mvua ikinyesha, king'amuzi kinakuwaje?

Mwana_Ngamiani

Subhanallah.

Mama anachomoa waya wa dishi. Wingu likianza tu anakwenda kuufungua, anaogopa radi. Usiku kabla ya taarifa ya habari anaufunga tena. Siku akisahau, unakaa umefunguliwa hadi kesho yake. Mimi niko chumbani na spika, simuoni.

FundiRedio_Mwanza

Na dishi liko wapi? Ukutani au kwenye nguzo?

Mwana_Ngamiani

Bomba la chuma, limechimbiwa ardhini uani.

FundiRedio_Mwanza

Tumelipata.

Ndani ya pawa saplai ya sipiyu kuna kapasita mbili ndogo, moja inatoka waya wa moto, nyingine nyutro, zote zimefungwa kwenye bati la kasha. Kazi yake ni kupeleka kelele za umeme ardhini kupitia ethi. Wewe ethi huna, ekstensheni yako imeikata. Basi bati linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea moja, ndiyo maana unatekenywa tu.

Mkondo huo unatafuta ardhi. Kwako njia yake ni hii: bati la sipiyu, ganda la waya wa jeki, sabufa, nyaya nyekundu na nyeupe, king'amuzi, ganda la waya wa dishi, bomba la chuma, udongo wa uani. Mama akifungua waya wa dishi njia inakatika na spika zinanyamaza. Kwa fundi hakukuwa na sipiyu wala dishi, sabufa ingevumia nini?

Usikubali kwa sababu nimesema. Mvumo ukiwepo, zima sabufa, chomoa zile nyekundu na nyeupe, washa tena.

Mwana_Ngamiani

Kimya. Nimezirudisha, ukavuma. Nimezitoa, kimya. Nimerudia mara nne, nimemwita na mdogo wangu ashuhudie.

Lakini kuna jambo limenitoa jasho. Nimemweleza mama, akaniambia waya ule wa dishi "una radi". Kila akifunga ile nati yake unamng'ata vidole, na siku moja usiku aliona cheche ndogo. Alidhani ni radi iliyobaki kwenye dishi. Mwaka mzima anang'atwa na hakuniambia, na umeme ulikuwa unatoka kwenye kompyuta yangu.

Bi_Kisauni

Maskini mama. Mpe pole zangu.

FundiRedio_Mwanza

Mpe na zangu. Kuanzia sasa asiguse waya ule mpaka ethi iwepo, na nyaya nyekundu na nyeupe ziache zimetoka. Sauti ya taarifa ya habari itoke kwenye runinga yenyewe kwa sasa.

Halafu ita fundi umeme. Kununua ekstensheni ya pini tatu hakutoshi, lazima apime kama tundu la ethi la ukutani limeungwa kweli. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu lakini nyuma ya tundu la juu hakuna waya. Kwa kipimo, moto na ethi vitoe karibu volti 230, nyutro na ethi karibu sifuri. Hiyo haitoshi kuthibitisha ethi nzuri, kwa hiyo aikague na ile fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje na aipime kwa mashine yake.

Ethi ikikaa sawa ndipo urudishe nyaya za king'amuzi ukitaka. Inawezekana ukasikia mvumo kwa mbali, maana fimbo ya ethi na bomba la dishi ni ardhi mbili tofauti. Ukiusikia, tafuta aisoleta ya sauti, kijitransfoma cha kuweka katikati ya nyaya nyekundu na nyeupe. Kinapitisha sauti, kinakata njia ya umeme.

Mwana_Ngamiani

Mrejesho, samahani nimechelewa. Fundi umeme alikuja Jumamosi. Fimbo ya nje ni nzima, lakini kwenye soketi ya chumbani kwangu waya wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa ndani ya ukuta, haukuwahi kufungwa. Ameufunga, amepima, na nimenunua ekstensheni ya pini tatu. Kasha la sipiyu halitekenyi tena. Mama kaugusa waya wa dishi, hakuna kitu. Alitabasamu, akaugusa tena.

Nimerudisha nyaya za king'amuzi kujaribu. Mvumo umebaki kidogo, unasikika nikipandisha sabufa juu kabisa. Nimezitoa mpaka nipate aisoleta. Usiku huu nimemaliza kaswida ya tatu, na mwisho wa beti nimesikia mtoto akivuta pumzi.

Mama anauliza: kwa kuwa ethi ipo, sasa waya wa dishi auache tu mvua ikinyesha?

FundiRedio_Mwanza

Hapana, aendelee kuuchomoa. Ila afanye mapema, wingu likiwa bado mbali, na king'amuzi akitoe na kwenye umeme. Ngurumo zikishaanza asiusogelee.