Kuandika skripti za katuni ukiwa Kigoma: bei, mkataba, na kazi zikikata ghafla

Fremu_KGM

Habari wakuu. Naandika skripti za katuni, sichori. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Mchoraji yuko Dar, tunatumiana mafaili. Kazi zinazolipa ni vijitabu vya mashirika: malaria, lishe, kunawa mikono, utunzaji wa misitu huko Uvinza. Zinakuja mbili tatu kwa mpigo, halafu kimya. Pembeni kuna hadithi yangu mwenyewe ya wavuvi wa Kibirizi, kurasa kama 60, ambayo hakuna aliyeiagiza.

Bei ya mwandishi inapangwaje, ikiwa mteja anaona ni "vimaneno vichache" na mchoraji ndiye anayeonekana kafanya kazi? Mkataba uwe na nini? Na hili ndilo linalonikosesha usingizi: mtu anajuaje kama hii ni kazi kweli au anajifariji tu? Nabandika kipande cha hiyo hadithi, nipeni ukweli bila kunionea haya.

> UKURASA 3, FREMU 1. Usiku. Mwezi mpevu. Juma anashuka mtumbwini, anafunga kamba, anapanda mlima na kumkuta mama yake analia nyumbani. Mitumbwi mingine imewasha taa inavua dagaa.
> JUMA: Nisamehe mama.
> MAMA (kushoto): Nilikwambia tangu mwanzo kwamba ukiendelea kuwasikiliza wale vijana wasiokutakia mema yatakukuta haya yaliyomkuta marehemu baba yako, lakini hukunisikiliza!

Wino_Mweusi

Mkuu, nianze na kipande chako, hayo ya pesa wapo watakaoyajibu.

Hiyo fremu moja (kisanduku kimoja cha mchoro) ina matendo manne: kushuka, kufunga kamba, kupanda, kumkuta mama. Mchoraji anachora tukio moja lililoganda. Ukimpa manne atachagua moja, na atachagua lililo jepesi kuchora, si lililo muhimu kwa hadithi. Igawe. Fremu ya 1 mikono inafunga kamba, kwa karibu. Ya 2 Juma kwa mgongo, anapanda, nyumba juu ina mwanga mlangoni. Ya 3 mkono wake umeshika mlango. Basi, ukurasa umeisha. Mama analia ni ukurasa wa 4, kwa sababu kwenye kitabu kilichopigwa pini katikati kurasa witiri (1, 3, 5) zinakaa kulia na shufwa (2, 4, 6) kushoto: msomaji akimaliza wa 3 lazima afunue. Kitu cha kushtua kiweke upande wa pili wa karatasi. Ukikiweka ukurasa wa 3, jicho lake lilishakiona tangu alipokuwa anasoma wa 2.

Mwezi. Mhariri wa Dar huenda asione tatizo, lakini mtu wa Kibirizi ataliona kabla hajasoma puto la maneno hata moja. Dagaa wa taa wanavuliwa gizani. Taa inawavuta kwa sababu pembeni hakuna mwanga mwingine. Mwezi ukijaa mwanga unatapakaa, wavuvi wanapumzika. Ama futa mwezi, ama acha mitumbwi imelala mchangani na hiyo iwe ndiyo sababu ya Juma kurudi mapema. Hilo la pili ni zuri zaidi.

Halafu puto la mama. Ile kanuni ya "maneno 25 kwa puto" inayozunguka mitandaoni imepimwa kwa Kiingereza. Mama hapo kasema maneno 18 tu, yaani kafaulu mtihani, lakini ni zaidi ya herufi 150 ukihesabu na nafasi. "Wasiokutakia" peke yake inakula mstari mzima wa puto jembamba. Sisi tuhesabu herufi: 80 hadi 90 kwa puto, isizidi 150 kwa fremu nzima kama kitabu ni A5. Mpe mama maputo mawili: "Ulinisikia lini wewe?" na "Baba yako naye hakusikia." Msomaji ataunganisha mwenyewe.

Mwisho, anayesema kwanza akae kushoto. Umemweka mama kushoto na Juma ndiye anaanza, kwa hiyo mikia ya maputo itapishana na msomaji ataanza na jibu kabla ya swali.

Hesabu_Kasulu

Bei usiipange kwa neno wala usiipange kwa kuangalia mchoraji analipwa ngapi. Pangia siku. Kijitabu cha kurasa 16 kinakula takriban hivi: siku mbili za kusoma nyaraka za mradi na kuongea na mtaalamu wao, moja ya muhtasari, nne za skripti (kurasa nne kwa siku ni mwendo wa mtu anayefikiri), mbili za marekebisho, moja ya kukagua michoro ya penseli na maneno yaliyowekwa kwenye maputo. Siku 10.

Tuseme unahitaji 700,000 kwa mwezi kuishi. Usigawe kwa siku 22. Mwandishi wa kujitegemea anapata siku 10 hivi zenye kulipwa. Zilizobaki ni kutafuta kazi, kufuatilia malipo, na umeme ukikatika ndiyo hivyo. 700,000 gawa kwa 10 ni 70,000 kwa siku, kijitabu ni 700,000. Wateja wa aina hii wanakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwa hiyo ankara iandike 740,000, mkononi ubaki na 703,000. Hati ya zuio uidai siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwaka mtu wa malipo awe ameshahamishwa. TIN (namba ya mlipakodi) uwe nayo tayari; wengi wanapoteza kazi hapo, si kwenye uandishi.

Malipo: asilimia 40 ukisaini, 30 skripti ikipitishwa, 30 ukikabidhi. Usikubali "30 baada ya kuchapwa". Kuchapwa hakuko mikononi mwako, kijitabu kinaweza kukaa miezi kinasubiri idhini ya wizara.

Marekebisho ndiko watu wanakoumia. Andika: raundi mbili kwenye skripti, kisha inasainiwa na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo. Baada ya saini, badiliko lolote la hadithi linalipwa. Sababu waeleze mapema, bila ukali: sentensi kwenye skripti unaibadilisha kwa dakika tano, lakini wakisema "kumbe nesi awe mwanaume" baada ya michoro kutiwa wino, mchoraji anarudia kila fremu yenye nesi. Bila mtu mmoja wa kusaini utapata maoni ya mtaalamu wa lishe, ya mtu wa mawasiliano, ya mfadhili, na yanapingana. Ongeza kipengele cha ukimya: wasipojibu ndani ya siku 10 za kazi, awamu hiyo inahesabika imepitishwa. Na cha kusitisha: mradi ukifa katikati, awamu uliyoianza inalipwa yote.

Hakimiliki. Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi tangu inapoundwa, na ulinzi wa kazi ya mwandishi unaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Hailindi wazo. "Hadithi ya mvuvi anayeasi" ni ya kila mtu. Kurasa ulizoandika ni zako. Ukimuuzia mteja kijitabu, taja ni matumizi gani unamuuzia, na kama mhusika ulimbuni wewe andika kwamba mhusika anabaki wako. Na wewe na mchoraji wako muandikishane pia, hata nusu ukurasa: mgawo wa mapato, na kama mmoja akijitoa mwingine anaruhusiwa kuendelea au la. Undugu wa WhatsApp unaisha siku pesa ya kwanza inapoingia.

Bi_Ujiji

Naona hakuna aliyegusa kitu ambacho mtu wa Kigoma anacho na wa Dar hana. Majaribio ya awali: kuwaonyesha rasimu wasomaji wenyewe kabla ya kuchapa. Kaka, liweke kwenye ankara kama huduma inayojitegemea, siku mbili au tatu.

Unachapa rasimu kwa printa ya kawaida, unatafuta wasomaji 10 wa aina ileile iliyolengwa, unakaa na mmoja mmoja. Si kikundi, kwenye kikundi mwenyekiti wa mtaa atajibu na wengine wataitikia. Usiulize "umeelewa?" Kila mtu ataelewa. Funika maneno, uliza "hapa kunatokea nini?", kisha funua maneno, uliza tena. Andika jibu lilivyo, na namba ya fremu.

Yanayokwama ni yaleyale siku zote. Mbu aliyechorwa mkubwa ukurasa mzima: msomaji anasema mbu wa hivyo huku hawapo, kwa hiyo hayamhusu. Dawa ni kumweka kwenye mkono wa mtu, ukubwa uonekane. Mkono uliokatwa na ukingo wa fremu, mtu asiyezoea katuni anaona mlemavu. Puto la mawazo, lile la mawingu, linasomwa kama moshi. Mishale na alama za X nyekundu zinachanganya. "Usifanye hivi" ionyeshe kwa matokeo, si kwa kufuta. Na kama kijitabu kinakwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kumbuka wasomaji wengi ni Wakongo, Kiswahili chao si hiki cha kwetu. Jaribu hukohuko.

Ripoti ya kurasa mbili ya majaribio hayo ndiyo inayomrudisha mteja. Afisa wa mradi anahitaji kitu cha kumwonyesha mfadhili, na mchoro mzuri peke yake haumtoshi.

Mzee_wa_Stesheni_Tabora

Hayo yote sawa, ila swali lake la tatu mmelikwepa.

Kijana, kazi za mashirika zina msimu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, wa Marekani Septemba 30, na bajeti isiyotumika inarudi, ndiyo maana zinakuja kwa mpigo. Miezi ya ukame unaweza kuitabiri, ipangie. Kisichotabirika ni mfadhili kuondoka. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ilisimama ghafla, na aliyekuwa na mteja mmoja alibaki bila hata mmoja. Kwa hiyo mimi ni wa upande wa kibarua cha kudumu. Nusu siku ya kufundisha, duka, chochote kinacholipa kodi ya nyumba. Si kushindwa huko. Mtu asiye na pesa ya kodi ya nyumba anakubali kila mkataba mbovu anaoletewa, na hayo yote aliyoyaandika Hesabu hapo juu hatathubutu kuyadai.

Sasa, kazi au kujifariji? Usipime kwa fedha, itakudanganya pande zote mbili. Angalia mambo haya: kuna kurasa ngapi zilizokamilika, zenye maneno ndani ya maputo, ambazo mtu anaweza kuzishika? Je, msomaji asiyekujua anauliza inayofuata? Je, mteja anarudi bila kusukumwa? Kurasa 60 zilizo kichwani ni sifuri kwenye kipimo hicho. Kata hadithi ya kurasa 8, iwe na mwanzo na mwisho wake. Kurasa 8 za A5 ni karatasi mbili za A4, mbele na nyuma, zinakunjwa na kupigwa pini. Steshenari yoyote ya Mwanga au Ujiji inatoa. Kurasa za kusomwa kwenye simu zipange wima, upana wa pikseli 800, na ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa na maandishi yanakuwa ukungu. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 lingekuwa kisa tosha cha kurasa 8: mvuvi, deni, na nyavu zinaning'inia.

Mtu atakuambia uombe Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Ule ni mkopo. Usiukope kwa kitabu ambacho hakijamaliza ukurasa wa kwanza.

Fremu_KGM

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mwezi nimeufuta, mitumbwi imelala. Kurasa 8 nimezielewa. Swali dogo: maputo kwenye A5, herufi ziwe saizi gani? Mchoraji anasema font yake ya katuni inaharibu maneno yanayoanza na I.

Wino_Mweusi

Pointi 8 hadi 9, usishuke chini ya 7.5. Toa fotokopi ya ukurasa mmoja, kisha fotokopi ya ile fotokopi. Kama bado inasomeka, sawa. Maandishi yawe meusi matupu, milimita 5 kutoka ukingo, na mchoro uvuke mstari wa kukatia kwa milimita 3.

Hiyo I si ubovu. Font nyingi za katuni zina I mbili: ukibonyeza herufi kubwa inatoka yenye vijiti juu na chini, ambayo Waingereza wanaitumia kwa "mimi" tu, na ukibonyeza ndogo inatoka mstari mtupu. Mwambie aandike maputo yote kwa herufi ndogo za kibodi. Kwenye kioo zitatokea kubwa hivyohivyo, na "Ilikuwa" itakaa sawa. Akimaliza akague ng' zote. Alama ile mara nyingi inageuka upande au inaacha pengo, na "ng'ombe" inasomeka kama maneno mawili.