Kuhesabu pumzi ndani ya boti: naombeni ushauri

Assalaam aleikum wakubwa zangu na wenzangu wa huduma ya dharura. Niko Lamu, nasindikiza wagonjwa kwa boti kutoka visiwani hadi Amu (mji wa Lamu).

Juzi nilimchukua mkwezi aliyeanguka mnazini upande wa Faza. Hajitambui, anakoroma, mdomoni damu na matapishi. Nilihofia shingo, kwa hiyo sikumwinamisha kichwa nyuma. Nilisukuma taya mbele, nikafyonza kwa pampu ya mkono, mkoromo ukapungua. Gatini nilihesabu pumzi 26 kwa dakika.

Shida ilianza majini. Maji yalikuwa yamekupwa, mkondo wa Mkanda, njia yetu ya ndani, haupitiki, ikabidi tuzungukie nje kwenye mawimbi. Injini yanguruma, kifua chatikisika na boti, sijui ni pumzi au ni wimbi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikaruka 94, 81, kisha vistari tu. Nikaweka kiganja tumboni, nikatazama ukungu kwenye barakoa ya oksijeni, na mara mbili nikamwomba nahodha apunguze mwendo (hakufurahi). Tulifika naye hai, alhamdulillahi, lakini nilikuwa nabahatisha.

Je, mnasimamisha injini kila baada ya muda ili kuhesabu upya, au bora kuwahi?

Na nikiwa peke yangu, matapishi hayakomi, nimgeuze ubavu huku nimeshika shingo, au abaki chali nikifyonza? Mfuko wa kupulizia hewa ninao, pumzi moja kila sekunde 6 naijua, ila mikono ni miwili tu.