Bisi, pafu au gololi: nundu ipi inafaa kwa blanketi la vipande vya rangi nyingi?

MfumajiKisasa (Dodoma)

Ndugu wafumaji, salaam. Nimepokea kazi ya blanketi la vipande vya mraba, hivi ambavyo wengi wetu tumezoea kuviita grani, na mteja anataka viwe vya rangi nyingi, tena viwe na nundu ambazo mkono ukipita juu yake unazihisi. Blanketi litakuwa na upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 150, maana yake ni vipande 80 vya sentimita 15 kila upande, na ningependa likamilike kabla ya Juni, kwa kuwa usiku wa Dodoma mwezi huo hauna mzaha.

Kabla ya kununua uzi wote nimefuma vipande vinne vya majaribio, vyote kwa uzi wa sweta wa aina moja na kroshia (sindano yenye ndoano) ya milimita 4, kila kimoja mizunguko mitano. Cha kwanza ni grani ya kawaida, makundi ya nguzo (mishono mirefu iliyosimama) tatu tatu, na mizani ya jikoni imeonyesha gramu 20. Cha pili nimekijaza bisi: badala ya kila kundi la nguzo tatu nimefuma nguzo tano ndani ya nafasi moja, nikachomoa kroshia, nikaiingiza kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza na kukivuta kitanzi nilichokuwa nimekiacha, nguzo zote zikajikusanya na kutuna kama punje ya mahindi iliyopasuka. Kinapendeza, lakini kina gramu 32, kimepungua hadi sentimita 13 na kinajikunja kama bakuli. Cha tatu ni cha pafu, zile nundu laini za vitanzi virefu vinavyofungwa pamoja kwa mvuto mmoja. Hicho kimelala vizuri, ila vitanzi vyake vinaonekana kunasa kwa urahisi. Cha nne ni cha gololi, yaani nguzo tano zisizomaliziwa ambazo hubaki kwenye kroshia hadi viwepo vitanzi sita, kisha zikafungwa zote kwa mkupuo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu karibu gololi zote zimetokeza mgongoni mwa kipande badala ya usoni.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kuchagua, na kama kuna njia ya nne ambayo sikuifikiria, niko tayari kuisikia.

FundiMstaafu (Kondoa)

Mwanangu, nianze na hilo bakuli, maana halitokani na ubaya wa bisi. Bisi moja iliyofungwa vizuri huchukua upana mdogo kuliko nguzo tatu zilizosimama bega kwa bega, kwa hiyo ukiibadilisha moja kwa moja, ukingo wa mzunguko unakuwa mfupi kuliko eneo unalopaswa kulizunguka na kipande kinakosa pa kwenda ila juu. Weka mnyororo wa vitanzi vitatu kati ya bisi na bisi, na kwenye pembe weka vitanzi vitano kati ya bisi mbili za pembe, kisha kitandaze mezani kila umalizapo mzunguko. Kikianza kufanya mawimbi pembezoni umezidisha. Punguza kitanzi kimoja kimoja hadi kitulie.

Jambo la pili ni hesabu. Grani ya mizunguko mitano ina makundi 4 katika mzunguko wa kwanza, 8 katika wa pili, kisha 12, 16 na 20, jumla makundi 60, ambayo ni nguzo 180. Ukiweka bisi za nguzo tano kila mahali, nguzo zinafika 300. Ukiweka bisi katika mzunguko wa pili na wa tatu tu, nguzo zinakuwa 220. Kwa uzito uliopima wewe, kipande cha namna hiyo kitakuwa na gramu 24 au 25 hivi, na vipande 80 vitakula takriban kilo mbili, wakati vile vilivyojaa bisi vitakula zaidi ya kilo mbili na nusu. Kwa madonge ya gramu 100 hiyo ni tofauti ya madonge matano au sita, na blanketi la kilo mbili na nusu likilowa maji unalijua mwenyewe.

MamaWawili (Nkuhungu, Dodoma)

Nami niseme la hapa kwetu, kwa sababu maelekezo mengi ya kufuma yameandikwa na watu ambao hawajui vumbi letu. Kuanzia Agosti upepo unapoanza kupuliza, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kila nundu inakuwa kama chungu kidogo cha kulikusanyia. Bisi ina uwazi ndani yake. Nina mito miwili ya kochi niliyoifuma kwa bisi tupu mwaka juzi, ya rangi ya maziwa, na hadi leo ukiminya bisi moja kati ya kidole gumba na cha shahada unaona mstari mwekundu kwenye mkunjo wake, ingawa mito hiyo imefuliwa mara nyingi.

Gololi imejaa zaidi na haina mdomo, kwa hiyo inakung'utika vizuri. Kuhusu pafu sina neno jema. Nilimfumia mtoto wa dada yangu shali ya pafu, na kabla hajafikisha miezi minne tayari vitanzi vilikuwa vimevutwa kwa kucha, kwa bangili na kwa zipu ya mkoba, kila kimoja kikiacha mlia uliokazwa katikati ya kazi. Nilikaa na kroshia ndogo usiku mzima nikivirudisha.

MwanachuoMakulu (Dodoma)

Dada MamaWawili, nakuheshimu, lakini pafu limeonewa. Kitanzi kinachonasa mara nyingi ni kitanzi kilichovutwa kirefu kuliko jirani zake, na hilo ni la mkono wa mfumaji, wala si la nundu yenyewe. Mimi hutumia kroshia ya milimita 4.5 kwa uzi huo huo wa sweta, nazungusha uzi na kuvuta mara tatu tu ili kroshia ibaki na vitanzi saba, navilinganisha vyote kimo kwa kidole kabla ya kuvuta uzi ndani yake, kisha nafunga kwa kitanzi kimoja cha mnyororo ambacho hukaza shingo ya pafu. Wanaoacha hicho kitanzi cha mwisho ndio ambao pafu lao hulegea.

Faida ambayo haijatajwa ni kwamba pafu linatuna pande zote mbili karibu sawa. Blanketi lina mgongo, na mtu anayejifunika hulala na huo mgongo. Bisi kwa nyuma huacha vishimo, na gololi huacha sehemu bapa yenye nyuzi zilizobanana. Kwa mto wa kochi hilo si tatizo, lakini kwa kitu cha kujifunika mimi ningelifikiria mara mbili.

FundiMstaafu (Kondoa)

Hoja ya mgongo ni ya kweli, na inanirudisha kwenye swali la gololi zilizotokea nyuma, ambalo naona hakuna aliyelijibu bado. Gololi kwa asili yake hutuna upande usiomwelekea mfumaji. Nguzo zake zinapobanwa juu na chini kwa pamoja, matumbo yao husukumwa mbali nawe. Bisi ni kinyume chake: unapoingiza kroshia kwenye nguzo ya kwanza kutokea mbele na kukivuta kitanzi, nguzo hujikunja kuja upande wako. Kwa hiyo MfumajiKisasa hakukosea kufuma, alifuma gololi upande ambao zilipaswa kuangalia ukutani.

Sasa liunganisheni hilo na jambo jingine ambalo wengi hulalamikia, kwamba grani yenye mizunguko mingi hujipinda polepole kama mtu anayegeuza shingo, pembe zikakataa kunyooka. Hiyo husababishwa na kufuma mizunguko yote kwa upande mmoja, kwa kuwa kila nguzo huegemea kidogo na maegemeo hayo hujumlishana. Dawa yake ni kugeuza kipande kila umalizapo mzunguko, ili mzunguko huu uegemee kulia na unaofuata uegemee kushoto. Mkigeuza, mzunguko mmoja unafumwa uso ukiwa kwenu na mwingine mgongo ukiwa kwenu. Basi bisi ziwekwe kwenye mzunguko wa uso na gololi kwenye mzunguko wa mgongo, na zote zitatokea usoni bila kulazimishwa kwa kidole. Anayetaka bisi katika mzunguko wa mgongo anaweza, ila aingize kroshia kwenye nguzo ya kwanza kutokea nyuma kuja mbele.

MwanachuoMakulu (Dodoma)

Shikamoo mwalimu. Nimefuma grani tangu sekondari na siku zote nimekuwa nikizinyoosha kwa pini nikidhani uzi ndio mbaya.

NyuziMajengo (Dodoma)

Mimi nauza nyuzi, kwa hiyo mnaweza kupunguza asilimia fulani ya maneno yangu, lakini kuna mambo mawili ambayo wateja hunirudia nayo wakiwa na huzuni. La kwanza ni rangi. Nundu huonekana kwa kivuli chake. Uzi mweusi au wa buluu iliyokolea humeza kivuli, na uzi uliotiwa rangi nyingi katika donge moja huvuruga macho hadi nundu zote zinapotea. Ukitaka bisi ionekane, ipe rangi moja iliyo wazi, kama ya haradali, ya waridi au ya maziwa, na rangi zilizokolea zipeleke kwenye mizunguko ya kawaida na kwenye mzunguko wa kuunganishia. Angalieni pia namba ya mkupuo wa rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya donge, kwa sababu nyekundu ya mwezi huu na nyekundu ya mwezi ujao hazifanani hata jina likiwa moja.

La pili ni pasi. Uzi wa sweta ni wa plastiki, na pasi ya moto, hasa ya mkaa ambayo haina kipimo, huulaza moja kwa moja. Nundu zikishalala hazisimami tena. Tumieni mvuke kwa mbali bila kugusa. Uzi wa pamba unavumilia pasi, unakaza nundu vizuri zaidi, lakini ni mzito na bei yake iko juu. Pamba nyekundu ijaribuni kwanza kwa kuisugua na kitambaa cheupe kilicholowa kabla ya kuiweka jirani na nyeupe.

KroshiaMpwapwa

Njia ya nne ipo, nayo ni nguzo ya kukumbatia, ambapo kroshia haiingii kichwani mwa nguzo ya chini bali inaizunguka kiunoni kutokea mbele. Inatoa mistari iliyoinuka badala ya vidonge, vumbi halipati pa kukaa, na uzi hauongezeki sana. Kasoro yake ni kwamba inahitaji nguzo iliyosimama peke yake ya kuikumbatia, kwa hiyo inapendeza zaidi kwenye mraba uliojaa kuliko kwenye grani yenye matundu. Kwa kazi ya mteja huyu sidhani kama ndiyo anayoiota.

Ninalotaka kuliuliza ni la mikia, zile ncha za uzi zinazobaki kila unapobadilisha rangi. Rangi tano katika mizunguko mitano ni mikia kumi kwa kipande, na vipande 80 vina mikia 800. Umeipangia siku gani? Mimi huifumia ndani ya mzunguko unaofuata, nikiilaza juu ya mnyororo ili nguzo ziifunike, na ule unaobaki naupitisha kwa sindano kwenda na kurudi. Msidanganywe na uwazi wa bisi mkaisokomeza mikia humo; inatoka baada ya kufuliwa mara ya pili.

MamaWawili (Nkuhungu, Dodoma)

Mikia 800! Mteja aongezewe bei.

MfumajiKisasa (Dodoma)

Nawashukuru nyote. Nimefuma vipande viwili vipya jana na leo. Vyote nimevigeuza kila mzunguko: wa kwanza ni nguzo za kawaida uso ukiwa kwangu, wa pili ni gololi za haradali mgongo ukiwa kwangu, na wa nne na wa tano nimeurudia mtindo wa kawaida. Tofauti iko katika mzunguko wa tatu, ambapo kipande kimoja kina bisi 12 za waridi zenye minyororo ya vitanzi vitatu kati yake, na kingine kina nguzo tatu tatu bila nundu.

Nundu zote zimetokea usoni. Vyote vimefika sentimita 15 na pembe zimenyooka bila pini. Chenye bisi kina gramu 25 na kisicho na bisi kina gramu 22. Nimevipeleka kwa mteja, naye alifumba macho akavipapasa kimoja kimoja, kisha akavigeuza na kujisugua shavuni kwa upande wa nyuma, jambo ambalo bila MwanachuoMakulu nisingelifikiria. Amechagua cha gololi peke yake kwa ajili ya blanketi, akasema vishimo vya bisi vinamkwaruza, lakini ameagiza mito miwili ya kochi yenye bisi, nami nimemweleza habari ya vumbi la Agosti naye amekubali rangi ya haradali badala ya maziwa.

Bei imeongezwa kidogo kwa ajili ya mikia. Kesho asubuhi nashuka Majengo kuchukua madonge 18, na nitaomba yote ya kila rangi yawe ya namba moja.