Naomba ushauri: kibanda cha gemu, nibaki na PS2 au ninunue PS4?

Wadau, salamu kutoka Maweni, Malindi. Nina kibanda cha gemu chenye PlayStation 2 (PS2) mbili, mashine za gemu za kizazi cha mwaka 2000, na vijana wanazicheka. Wanataka PS4. Shida yangu si bei tu. Gemu ya Pac-Man ya 1980 ilibuniwa kwa mashine ya sarafu: ukifa, unalipa tena. Mwenye mashine alikula vizuri! Gemu za sasa nyingi zina hadithi ndefu, unahifadhi ulipofika, kesho unaendelea. Mtoto anakalia kiti saa mbili na foleni imenuna. Gemu ya mpira angalau ina kipenga cha mwisho. Mlio kwenye biashara hii, mnatoza kwa mechi au kwa dakika? Na PS4 ya mtumba inastahimili joto na chumvi ya huku pwani?