NAP na ANP: chama kimoja cha Wapashtuni au viwili?

Mdadisi: Wakuu, naandaa historia fupi ya Awami National Party, yaani ANP, ya Pakistan. Kuna wanaosema kiliundwa 1957, wengine 1986. Ipi sahihi? Na kilikuwa cha mrengo wa kushoto kweli, au ni utaifa tu wa Wapashtuni, watu wa kaskazini-magharibi mwa nchi?

Mzalendo_K: 1986 ndiyo ya ANP. Mwaka 1957 ni wa NAP, National Awami Party, kilichozaliwa Dhaka, wakati huo Pakistan ya Mashariki, chini ya Maulana Bhashani. Hicho kilikuwa cha nchi nzima, Wabengali na Wabaluchi wakiwemo. Mwaka 1967 kikapasuka: Bhashani upande wa Beijing, Wali Khan, kiongozi wa Wapashtuni, upande wa Moscow. Kwa hiyo ukikuta "NAP" baada ya hapo, hakikisha kwanza ni ya nani.

Ya Wali Khan ndiyo iliyoingia serikali za mseto na JUI, chama cha maulamaa, mwaka 1972, katika majimbo mawili: la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi (makao Peshawar) na Baluchistan (makao Quetta). Hazikutimiza mwaka. Februari 1973 Rais Zulfikar Ali Bhutto aliivunja ya Baluchistan, ile ya Peshawar ikajiuzulu kupinga. Februari 1975 Hayat Sherpao, mshirika wa Bhutto, akauawa kwa bomu Peshawar; serikali ikakilaumu NAP na kukipiga marufuku.

Bi Rehema: Usiruke daraja la katikati. Baada ya marufuku, Sherbaz Mazari aliunda NDP, National Democratic Party, na wafuasi wa NAP wakapata pa kusimamia. Mwaka 1986 NDP kiliungana na makundi mengine ya kushoto, likiwemo Awami Tehreek la Rasul Bux Palejo, ndipo ikaja ANP. Mizizi irudishe hadi 1929, kwa Khudai Khidmatgar, harakati ya Wapashtuni ya Bacha Khan, baba yake Wali Khan. Ila hao usiwaite wajamaa. Msingi wao ulikuwa kiapo cha kutotumia nguvu.

Mwanamajuzuu: Kuhusu mrengo, tazama ardhi. Kule Hashtnagar, Charsadda, nyumbani kwa Bacha Khan mwenyewe, wakulima wapangaji walikuwa wakitimuliwa mashambani. NAP kilikuwa na wenye ardhi ndani yake, kikasitasita. Afzal Bangash na wenzake wakajitenga 1968 wakaunda Mazdoor Kisan Party, yaani chama cha wafanyakazi na wakulima, na hicho ndicho kilichosimama na wakulima. ANP kilibaki imara kwenye kutenganisha dini na dola na kwenye mamlaka ya majimbo. Miaka ya 1990 kilishirikiana na Nawaz Sharif, aliyekuwa waziri mkuu, na 1998 kilichowatenganisha ni jina la jimbo la Wapashtuni, wala si mashamba. Jina jipya, Khyber Pakhtunkhwa, lilipatikana 2010, kwa marekebisho ya 18 ya katiba. Kwa miaka ya kabla ya hapo usiliandike. Andika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi.