Pakiti za kulipia kwenye gemu za onlaini: zinaua usawa au tunalalamika tu?

mdunguaji_kimya:
Wakuu naombeni tulijadili hili maana linanikera kweli. Kuna gemu moja ya kurushiana risasi naicheza na washkaji, tulianza wote pamoja na uwezo wetu unakaribiana kabisa, sasa mmoja wetu kanunua pakiti, ile yenye bunduki na jaketi la kuzuia risasi, basi tukikutana uso kwa uso mi nampiga risasi nne bado kasimama, ye ananipiga mbili nimelala. Na wala hajajifunza kulenga, analenga vilevile kama zamani. Nikimwambia hiyo sio haki ananijibu "hata we ukicheza sana utaipata bure, mi nimelipia tu muda". Hapo ndo nakwama, maana kweli ile bunduki ipo bure kwa anayecheza sana. Sasa kitu kikipatikana kwa njia zote mbili, bado tunaweza kusema gemu haina usawa?

kadi_tatu:
Mkuu, jiulize huo muda ni nani kaurefusha. Aliyeandika kwamba bunduki itafunguka baada ya mechi kibao ndo huyohuyo aliyeiweka dukani, kwahiyo kadri anavyoifanya njia ya bure iwe ndefu ndivyo pakiti yake inavyouzika.

Kumbuka ya gemu ya Star Wars Battlefront II mwaka 2017. EA, kampuni yenye gemu hiyo, waliweka kadi za kuongeza nguvu ndani ya maboksi ya bahati, yale ambayo hujui kilichomo mpaka ufungue, na maboksi unaweza kuyanunua kwa hela, alafu mashujaa wakubwa kama Darth Vader walikuwa wanafunguliwa kwa krediti 60,000 za ndani ya gemu. Watu wakapiga hesabu ya masaa wakachoka. EA wakaenda kwenye jukwaa la Reddit kujitetea eti wanataka mchezaji aone fahari ya kufungua shujaa, lile jibu likapigwa kura za kupinga zaidi ya laki sita, halijawahi kutokea pale. Baada ya hapo bei ikashushwa kwa asilimia 75, ikawa 15,000, na usiku wa kuamkia gemu kutoka rasmi duka likafungwa kabisa. Liliporudi 2018 likawa linauza mwonekano tu.

Sasa angalia hapo, 60,000 imekuwa 15,000 ndani ya siku chache na gemu haikuharibika popote. Maana yake ile namba haikuwa kipimo cha ustadi wala cha kazi, mtu aliipanga tu. Kwahiyo mshkaji wako akisema kalipia muda, muulize ni muda gani.

zamu_ya_usiku:
Mi napingana kidogo. Kuna watu tunafanya kazi kutwa nzima, tukirudi tuna kasaa kamoja ka kucheza, tunakutana na mtu anayeshinda kwenye gemu tangu asubuhi ana kila silaha. Hiyo nayo ni haki? Yeye kalipa kwa muda mi nalipa kwa hela, wote tumelipa. Alafu mbona hamsemi kuhusu mwenye intaneti ya kasi na kioo kizuri, yule anakuona kabla we hujamuona. Usawa kamili haujawahi kuwepo onlaini, tusidanganyane. Na seva zinaendeshwa kwa hela, gemu yenyewe mnaipakua bure, mnataka nani alipe?

mdunguaji_kimya:
Kaka hapo kwenye muda umenigusa, sikuwa nimelifikiria upande wa anayefanya kazi.

Bi_Ranki:
@zamu_ya_usiku nakuelewa kabisa ndugu yangu, ila kasi ya intaneti haiuzwi na mtengenezaji wa gemu. Tofauti ipo hapo. Huyu wa pakiti ndo mwenye uwanja, ndo anatunga sheria, ndo anapanga nani akutane na nani, afu anapita kwa timu moja moja kuuza penalti. Ndo maana inauma kuliko kushindwa na mtu mwenye kioo kizuri.

Na tatizo lako la muda lina dawa isiyohitaji duka: wote wapewe silaha zote tangu mwanzo. Dota 2 mashujaa wote ni wa bure kwa kila mtu, hela inatoka kwenye mavazi na mapambo. Fortnite Battle Royale vilevile, unanunua skini, yaani mwonekano wa mhusika wako, na pasi ya msimu inayokupa zawadi kadri unavyocheza, bunduki unaiokota chini kama mwenzako. Zile ni gemu za bure na zimeingiza hela nyingi mno, kwahiyo ile hoja ya kwamba bila kuuza nguvu seva zitazimwa mi siikubali.

Ila msidhani skini nazo ni salama siku zote. Kwenye gemu ya Warzone kulikuwa na skini ya mhusika Roze, nyeusi tii mwili mzima, mtu anajibanza kwenye kona yenye giza humuoni mpaka ushapigwa. Ilikuwa zawadi ya mwisho ya pasi ya kulipia. Wachezaji walipiga kelele muda mrefu mpaka ikaongezwa mwanga. Kwahiyo mi sijali kitu kimeitwa urembo au silaha, naangalia kikiwa mechini kinabadilisha nani anakufa kwanza au hakibadilishi.

kadi_tatu:
Hiyo ya Roze ilinitesa kweli 😤

msomaji_sheria:
Naongeza upande mwingine. Mshkaji wake angalau kanunua kitu alichokiona kwa macho. Kuna pakiti unalipa hujui kilichomo, kama zile za wachezaji wa mpira kwenye Ultimate Team ya gemu ya FIFA ya EA (siku hizi inaitwa EA Sports FC), unaweza kununua nyingi usipate hata straika mmoja wa maana. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya namna hiyo ni kamari, na EA wakaacha kuuza kule pointi za FIFA za kununulia hizo pakiti mwanzoni mwa 2019. Uholanzi waliwatoza faini ya euro milioni 10 ila mahakama ya juu ikaifuta 2022. China tangu 2017 inataka uwezekano wa kupata kila kitu utangazwe.

Lakini soma hizo hatua vizuri, zote zinashughulika na kamari na ulinzi wa mnunuzi. Hakuna hata moja inayomuuliza mtengenezaji kama yule mpinzani ambaye hakununua kitu kapata mechi ya haki. Pakiti kama ya mshkaji wako, inayoonyesha bei na kilichomo, hizo sheria haziigusi kabisa. Kwa hiyo msisubiri serikali kwenye hili, makelele ya wachezaji ndo yameleta mabadiliko, mifano mmeshaitaja hapo juu.

zamu_ya_usiku:
Sawa, ya kuwapa wote silaha zote naikubali, hiyo hata mi ingenisaidia. Ila gemu tuliyonayo ndo hiyo, sasa afanyeje leo?

Bi_Ranki:
Aangalie kama gemu yake ina mechi za faragha ambazo silaha zinasawazishwa. Clash Royale, ile gemu ya kupigana kwa kadi, wana changamoto ambazo levo za kadi zina kikomo, hata aliyenunua hawezi kukivuka, na pale ndo utajua nani anajua kucheza.

mdunguaji_kimya:
Nimecheki menyu sasa hivi, ipo ya faragha na kuna sehemu ya kuzima vifaa vya ziada. Nimeshamtumia mshkaji mwaliko, kausoma ila hajajibu. Akiingia ntaleta matokeo hapa hata kama kanifunga.