Kamusi elezo ya mtandaoni imejaa makosa, ukisahihisha wanakutengulia!

Jamani n'mechoka, leo lazma niseme. Mie nafundisha skuli hapa Wete, juzi nikawapa watoto kazi waandike kuhusu zao la karafuu, nakusanya madaftari nakuta watoto kumi na moja wameandika "samani ya karafuu". Samani!! Samani ni viti na makabati, kinachotakiwa hapo ni THAMANI. Nawauliza mmetoa wapi, wakanionesha kwenye simu, ile kamusi elezo ya bure ambayo yeyote anaingia anahariri. Kweli ipo, na hapohapo kuna "zahabu", kuna "gala la karafuu", kuna "mahari pa kukaushia".

Na msinambie eti ni herufi moja tu. Zana ni vifaa, dhana ni wazo, mahari anapewa bibi harusi na mahali ni pahala, mtoto akichanganya hapo kachanganya maana nzima. Na inaniuma zaidi kwa sababu Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja, tangu ile kamati ya lugha ya 1930, leo sie wenyewe ndo tunasomeshwa "zahabu".

Makala nyengine mtu kaitia kwenye programu ya kutafsiri akahifadhi hivohivo bila kuisoma, Mji Mkongwe ulioingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 umekuwa "Mji wa Mawe", nani Unguja anasema hivo??

Sipingi kila mtu kuhariri, uzuri wake ndo huo. Lakini kwenye Kiingereza kuna maelfu ya watu wanapita, kosa litaonwa. Sie wahariri wachache mno, kosa likiingia linalala miaka na huku watu wanakopi wanapeleka kwenye mablogu, basi kila ukitafuta unalikuta hilohilo.

Nikakesha na bando langu nasahihisha neno moja moja mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Naamka, chote kimetenguliwa na mhariri mwengine, sababu kaandika "hakuna chanzo". Chanzo cha tahajia?? Fungua kamusi yoyote kwenye TH uangalie! Nimemwandikia kwa adabu kwenye ukurasa wa majadiliano, nikamwandikia na mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa hiyo kamusi elezo, leo siku ya tano kimya, na "samani" bado ipo palepale.

Mwenye akaunti ya zamani ambayo haitenguliwi ovyo anambie hapa, orodha ya makosa ninayo, nampa yote.